Mzizi wa Singe

Mwaka ule ambao sabuni ilikuwa ya kuviziwa dukani, Kandida alirudi kwao Bagara na boksi la mirija ya kioo. Alikuwa mkemia, akitafuta dawa ya ugonjwa wa kusahau. Kilichomsukuma ni mama yake, Philomena, ambaye siku hizi alimwamkia bintiye shikamoo kama mgeni.

Kazi ilitaka uvumilivu. Ubongoni mna kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kumbukumbu, naye alijaribu mzizi baada ya mzizi apate wa kukizuia. Mchanganyiko ukigeuka njano, mzizi umeshindwa. Kila siku ikawa njano. Mpaka mzee Anselimu, mchimba dawa, alipomletea mzizi mweusi kutoka Singe. Maji ya mrija ule hayakubadilika rangi.

Ilibidi dawa ijaribiwe kwanza kwa panya, Dar es Salaam. Lakini mama alikuwa anamwishia machoni. Kandida akamtilia kijiko kwenye uji.

Asubuhi Philomena aliamka macho makavu, akatandika kitanda mwenyewe. Kandida akalia kwa furaha.

"Mama, umenikumbuka?"

"Wewe sikujui. Mwanangu ni Redempta. Mmemweka wapi?"

Kandida alizaliwa peke yake.

Mchana Anselimu akapita na kapu lake. Philomena hakuwahi kumwona mzee huyo. Alimtazama muda mrefu.

"Anselimu," akanong'ona, "nani amekutuma unichimbe?"

Kapu likamponyoka. Mzee akamvuta Kandida nje.

"Huyo ni Lukresia, mama Redempta. Walimwita mchawi, wakamzika kwenye boma lake bila sala. Sasa ni vichaka tu. Mzizi ule niliuchimba pale pale, upande wa kichwani."

Kandida akamwaga dawa yote. Jioni ile macho ya mama yakafifia tena. Hakuuliza habari za Redempta. Hakuuliza lolote. Kandida akamshukuru Mungu kwa kile alichokuwa akikipiga vita.

Kulipokucha alichemsha maji, akaanza kumwosha mama uso. Alipofika chini ya macho, vidole vikakwama.

Palikuwa na chale. Mistari myembamba, kila shavu, kama walivyochanjwa mabinti wa zamani. Hazikuwa mbichi. Zilikuwa zimepona, zimekunjamana pamoja na ngozi.

Philomena alikuwa binti wa katekista wa Mbulu. Uso wake haukuwahi kuguswa na wembe.