Ndimu Mbele ya Mzinga

Kosa la kwanza lilikuwa langu, mimi mwalimu Augustin, na ninalisema mapema kabla hamjamcheka mtu mwingine. Kwenye somo la usafi niliwaambia wanafunzi wangu: "Shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba. Chukua ndimu na mchanga wa mtoni, sugua!" Kesho yake nikawapeleka kwenye jumba la makumbusho ya askari, hapa hapa Kisangani, vichwa vyao vikiwa bado vimejaa ndimu.

Ndani kulikuwa na makoti ya askari wa zamani, kofia nyekundu zenye kishada, na katikati mzinga mkubwa uliofika mpaka kwenye vita vya Tabora dhidi ya Wajerumani.

"Lo!" akasema mwanafunzi wangu Zuberi. "Wamemuibia babu yangu kofia yake ya Idi!"

Tulicheka sana, mimi kuliko wote. Hapo ndipo nilipomsahau Clothilde.

Clothilde ni mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Babu yake aliusukuma mzinga kama ule mpaka Tabora, akarudi akichechemea. Mtoto aliona bamba la shaba la mzinga limefifia, akaona haya kwa ajili ya babu. Akatoa ndimu mfukoni, na mchanga kidogo.

Tulipogeuka, bamba lilikuwa linawaka kama jua. Ila rangi nyeusi iliyojaza maandishi ilikuwa imetoka yote, na jina la vita halikuonekana tena.

"Nani alifanya hii?" akauliza Sergent Zacharie, mzee anayelinda jumba. "Museme, ao watoto hawataingia tena humu. Hata mumoja!"

Zuberi akaninong'oneza, "Mwalimu, tuseme tuliikuta vile."

Clothilde akasogea mbele ya mzee, vidole vikichuruzika maji ya ndimu. "Ni mi, papa. Nilitaka ing'are, juu ya babu."

"Na aliyemufundisha ni mi," nikasema. Suti yangu ya Jumapili ilinibana ghafla.

Sergent alitutazama wote wawili. Akapitisha ukucha juu ya bamba, polepole. "Bon, sawa. Rangi ilikwenda, lakini herufi zilichongwa. Ziko."

Akaleta kopo la rangi nyeusi na kijiti. Clothilde akajaza herufi moja moja, ulimi nje, mpaka TABORA ikarudi mahali pake.

"Mutoto, kazi unajua," Sergent akamwambia. "Sasa jifunze kuuliza mbele ya kugusa kitu cha watu. Na vile ulisema kweli mwenyewe, njo maana mulango utabaki wazi. Mukuje tena. Na babu umulete."

Clothilde akatabasamu mpaka masikioni.

Tulipofika mlangoni nikasimama. "Jamani, kama kuna mwenye ndimu nyingine mfukoni, ninamwomba aiache hapa."

Wote waliangalia dari, na chumba kizima kilinukia ndimu.