Karafuu za Uwanjani kwa Bi Laila

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza sawasawa, Mize hufagia uwanja, huteka ndoo nne za maji, kisha hukaa kizingitini kunywa chai na muhogo wa jana uliopashwa moto. Mama yake, Bi Asya, wakati huo huwa anakagua kamba zake za mwani moja moja, kama fundi cherehani anavyokagua nyuzi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, Bi Asya hana mazungumzo marefu. Hujifunga kanga kiunoni, hujitwika tenga, akashika njia ya pwani pamoja na wenzake wa Mtaa wa Chini.

Jumamosi ile Mize naye alikuwa na kazi, tena ya heshima. Wilaya ilikuwa inaandaa mpango wa uchumi wa miaka mitano, na kila shehia ilitakiwa iseme watu wake wanaishi kwa kazi gani. Shehia itakayojieleza vizuri itapata mradi mmoja. Watu wa Mtondooni, shehia ya kina Mize, walikuwa wameshapendekeza miwili: banda lenye paa la kukaushia mwani huku pwani, au sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu kule juu, Mtaa wa Mlimani. Utakaochaguliwa ni ule wa kazi inayolisha nyumba nyingi zaidi.

Sheha Silima, kiongozi wa shehia, ambaye goti lake limemkatalia vilima vyote, aliomba wanafunzi wamsaidie kuuliza nyumba kwa nyumba. Mwalimu Rahila akachagua wanane wa darasa la sita. Mize alipewa nyumba ishirini na nne za Mtaa wa Chini.

"Fomu ina swali moja kubwa," Mwalimu Rahila aliwaambia. "Kazi gani hasa inalisha nyumba hii? Ukikuta mlango umefungwa, rudi. Ukiukuta umefungwa tena, rudi tena. Asiandikwe mtu kwa kukisiwa. Na atakayemaliza mwanzo, kazi yake ikiwa safi, ndiye atakayesoma matokeo mbele ya afisa wa wilaya."

Mize alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akamgeukia Haitham, aliyepewa Mtaa wa Mlimani.

"Wewe mpaka Idi utakuwa bado unapiga hodi nyumba ya tatu!"

"Nitapiga hodi mpaka waniitikie," alisema Haitham. "Haraka yako hiyo utakuja kujikwaa nayo."

Basi Mize akaanza kupiga hodi, na hodi zikamrudia mwenyewe. Ukiacha ya kwao, ambayo hakuona haja ya kuiuliza, nyumba sita tu zilikuwa na watu. Kumi na saba zilifungwa. Wanaume wengi walikuwa dago, kwenye kambi ya uvuvi, na wanawake walikuwa baharini. Waliobaki ni kuku, na jogoo mmoja wa Bi Laila aliyemtazama kama anayemdai maelezo.

Lakini uwanja wa Bi Laila haukuwa mtupu. Majamvi matatu yalitandikwa juani, yamejaa karafuu zilizoanza kuwa nyekundu. Nyumba ya jirani ilikuwa na majamvi mawili. Ile ya pili yake, manne.

"Sasa hapa niulize nini?" Mize alijisemea. "Jibu si hili limeanikwa?"

Akaandika: karafuu. Nyumba kumi na nne zilizokuwa na majamvi uwanjani akaziandika hivyo hivyo. Tatu ambazo hazikuwa na jamvi wala mtu akaziandika: hawana kazi. Kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa ameshamaliza kazi iliyowachukua wenzake siku mbili, na shahidi pekee wa haraka ile alikuwa jogoo.

Jumatatu Mwalimu Rahila alimpa karatasi kubwa ya manila aandike jumla ya shehia nzima. Mize akaandika kwa mwandiko wake mzuri: karafuu, nyumba hamsini na mbili. Mwani, thelathini na nane. Kazi nyingine na wasio na kazi, kumi na nne.

"Basi ni sakafu ya saruji," Mwalimu alisema, akiitazama karatasi kwa muda. "Nilidhani mwani ungeongoza. Nyumba zote uliwakuta watu, Mize?"

"Zote, Mwalimu."

Neno lilitoka jepesi. Lilipotua, lilikuwa zito.

Alasiri ile ile wingu la vuli lilisimama juu ya Mtondooni, jeusi kama sufuria ya shughuli. Mtu wa kwanza alipaza sauti, "Mvua!" na mtaa mzima ukapokea, "Mvua! Mvua! Anueni!" Mize alikuwa anapita kwa Bi Laila. Alimkuta mama huyo ametupa tenga la mwani mbichi chini, anavuta jamvi la karafuu peke yake.

"Shika huko, mwanangu! Haraka, mali ya watu hii!"

Mize akashika ncha ya pili. "Mali ya watu? Kwani si zako, Bi Laila?"

"Zangu!" Bi Laila alicheka huku anahema. "Mimi mkarafuu wangu uko wapi? Hizi za Mzee Mjaka wa Mlimani. Kule kwake kivuli kitupu, haziwezi kukauka. Mtaa huu wote kila msimu tunawaazima uwanja. Hukujua? Vuta, mtoto, usinitolee macho!"

Mvua ikashuka. Waliingiza jamvi la tatu ukumbini likiwa kavu. Nje, mwani wa Bi Laila, uliokuwa umetandazwa kwenye mchanga karibu na njia, ulilowa mpaka ukapauka. Mwani ulionyeshewa ukiwa umekaribia kukauka hauna mnunuzi. Bi Laila aliutazama kupitia mlangoni, akafuta uso kwa kanga.

"Basi," alisema. "Amana kwanza. Mwani wangu utapata paa lake, Mungu akipenda. Kesho si ndiyo siku ya mkutano?"

Mize aliinama kukunja ncha ya jamvi. Alikuwa anahesabu kichwani: nyumba kumi na nne, majamvi ya watu wengine.

Nyumbani alimkuta Bi Asya anasukuma maji nje kwa fagio. Mwani wake nao ulikuwa umelowa, kazi ya wiki sita tangu aufunge kwenye kamba.

"Mama," Mize alianza.

"Kesho sitakuja mkutanoni," Bi Asya alimkatiza. "Hakuna atakayekwenda kutoka huku kwetu, labda wazee wawili watatu. Maji yanakupwa saa sita, na uliobaki baharini tukiuacha utakatika wote. Lakini nimesikia wewe ndiye msomaji. Ukiwapo wewe, ni kama nipo mimi."

Maneno aliyokuwa ameyaandaa Mize yakabaki hayajasemwa; akachukua ndoo, akasaidia kutoa maji.

Jumanne saa nne, darasa la sita lilijaa watu, karibu wote wa Mlimani. Afisa mipango, Bwana Nassor, alikuwa kijana aliyevaa viatu vilivyong'arishwa, na alitazama saa yake mara tatu kabla ya dua ya kufungulia.

"Wazee wangu, nitasema wazi," alisema. "Orodha inafungwa leo. Saa nane lazima niwe njiani kwenda Wete na karatasi iliyotiwa saini na sheha. Shehia isiyo na karatasi itangoja mpango mwingine, miaka mitano."

"Msomaji asimame," alisema Sheha Silima.

Mize alisimama. Manila ilikuwa ukutani, na mwandiko wake mzuri ulimtazama.

"Shehia ya Mtondooni," alisoma. "Nyumba mia moja na nne." Mtu akakohoa. Haitham, aliyekaa mbele, akamnong'oneza, "Karafuu. Soma, karafuu."

"Siwezi kusoma," Mize alisema. "Hesabu hii si ya kweli. Nyumba kumi na saba sikuwakuta watu. Niliandika kwa kutazama uwanja. Palipoanikwa karafuu niliandika karafuu, kumbe ni mali ya watu wengine. Nimemdanganya Mwalimu."

Darasa lilivuma kama mzinga wa nyuki. Mwalimu Rahila alifumba macho. Bwana Nassor akaweka kalamu chini.

"Sasa nipeleke nini? Nani ananihakikishia kuwa karafuu zile si za wenye nyumba?"

Karibu na dirisha alikaa Mzee Mjaka. Jirani yake alimvuta kanzu. "Nyamaza, yakhe. Sakafu si inakuja kwetu?"

Mzee Mjaka akaiondoa kanzu yake mkononi mwa yule bwana, akasimama.

"Nahakikisha mimi. Majamvi kwa Laila ni yangu. Jana mvua ilipokuja aliacha mwani wake ukalowa, akaanua karafuu zangu. Nami leo nikae kimya, halafu nimchukulie na banda lake? Hapana, bwana. Wengine wenye karafuu kule chini nao wanajijua."

Vichwa vitatu vinne viliinama.

Sheha Silima alitazama saa ya ukutani. "Saa nne na nusu. Bwana Nassor, tupe mpaka saa nane."

"Na hao watu wako wapi?"

"Baharini," alisema Mize. "Nitawafuata huko huko."

"Kwa fomu zile zile?" aliuliza Mwalimu Rahila, kwa sauti iliyomkwaruza Mize kuliko kofi. "Nani atakuamini safari hii? Haitham, nenda naye. Wewe uandike, yeye aulize."

"Nami nitakwenda," alisema Bwana Nassor, akaanza kuvua viatu.

Maji yalikuwa yamekwenda mbali, na wanawake walionekana kama nukta za kanga. Haitham alibeba fomu kwenye mfuko wa plastiki, ameuweka kichwani. Tope liliwameza mpaka magotini. Bwana Nassor aliteleza mara moja akakaa majini, na kicheko kikamfikia kutoka kila upande.

"Karibu kazini, mheshimiwa!" Bi Laila alimwita. "Huku hatuna viti, umekalia kilichopo!"

Lakini Mize alipoeleza alichokifanya, vicheko vilizimika. Bi Laila alisimama na kamba mkononi.

"Yaani mimi niliandikwa karafuu?"

"Ndiyo, Bi Laila. Nisamehe. Nimekuja kukuuliza. Kazi gani hasa inalisha nyumba yako?"

"Si unaiona? Andika mwani. Miaka kumi na tisa."

Mmoja baada ya mwingine, huku wakiendelea kufungua mwani kwenye kamba, walijibu. Mwani. Mwani. Wawili walisema kweli wana mikarafuu yao, na ndiyo hasa inayowalisha, na Haitham akawaandika karafuu vile vile. Bi Suhaila, mmoja wa wale walioandikwa hawana kazi, aliinua mikono kutoka majini. Alimwonyesha viganja vilivyochanika, kisha ndipo akasema, "Mwani." Mize alitamani maji yamfunike.

Ilipofika saa saba maji yalikuwa yameanza kurudi, yako mapajani. Zilibaki nyumba mbili, na wenyewe walikuwa kwenye kamba za mbali. Mize alikwenda anaogelea nusu, anatembea nusu, akapiga kelele swali lake, akapiga kelele majibu kwa Haitham. Ya kumi na saba iliandikwa karatasi ikiwa imelazwa juu ya kichwa cha Bwana Nassor.

Walipogeuka kurudi, Bi Asya alikuwa amesimama njiani, tenga kichwani.

"Nyumba yangu je?"

"Yetu niliandika mwani tangu mwanzo, mama."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Basi niulize."

Mize alisogea mbele yake. "Shikamoo, mama. Kazi gani hasa inalisha nyumba hii?"

"Marahaba. Mwani," alisema Bi Asya, na macho yake hayakumwachia. "Sasa umeniandika."

Saa nane kasorobo walikuwa skuli, wanatiririka maji. Haitham ndiye aliyesoma: mwani, nyumba hamsini na tatu. Karafuu, arubaini. Kazi nyingine, kumi na moja. Sheha alitia saini, Bwana Nassor akaondoka na karatasi kavu na suruali iliyolowa. Mize, kwa adhabu yake, aliandika upya manila nzima, akatumwa kuzunguka nyumba zote kumi na saba kuomba radhi, kila moja mpaka amkute mwenyewe. Ilimchukua siku nne. Haitham alimwita Bi Karafuu muhula mzima.

Msimu uliofuata banda lilisimama pwani, paa la bati na chanja ndefu chini yake. Siku ya mvua ya kwanza hakuna aliyekimbia. Bi Laila alisimama chini ya paa, akaita kwa sauti kuelekea Mlimani, "Mjaka! Lete majamvi yako, nafasi ipo!"

Mize alikuwa anageuza mwani na mama yake, mvua inapiga bati juu yao.

"Mama, ulinikasirikia sana siku ile?"

Bi Asya hakuacha kugeuza. "Nilikasirika. Wewe hukuwa na ubaya na Suhaila, lakini ulimwandika hana kazi, na ungenyamaza angebaki hivyo miaka mitano. Mipango ya wakubwa inaanza kwa mtu mdogo aliyesimama mlangoni na kalamu. Akiona uvivu wa kurudi kupiga hodi, anawafuta watu na wao hawajui. Ukweli una kazi, mwanangu, lazima uufuate ulipo, hata kama ni kwenye tope. Haya, geuza upande huo. Umeuacha mbichi."