Kila Mtu na Kabla Yake

Siku ya gulio, duka la kuchapa karatasi pale Kayanga halina pa kuweka mguu. Kokuhirwa, muuguzi wa Nyakahanga aliyekuwa akijiendeleza kimasomo, alikuwa amebanwa kwenye kaunta, gauni lake la kitenge cha njano limeshapata doa la wino, akisubiri utafiti wake utoke kwenye mashine.

"Dada, samahani," ikasema sauti nyuma yake. "Hawa akina mama uliowapima presha kabla ya kupunguza chumvi, na hawa wa baada, ni walewale?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikononi, viatu vimejaa vumbi la njia ya Rubwera.

"Ni walewale. Na nani kakuruhusu kusoma mambo ya watu?"

"Karatasi imetoka inanitazama, ningefanyaje? Umetumia kipimo cha makundi mawili ya watu tofauti, ndiyo maana umeandika hakuna mabadiliko. Mama mmoja presha yake siku zote iko juu, mwingine iko chini kidogo. Ukiwachanganya, mabadiliko yanamezwa humo. Kila mama mlinganishe na yeye mwenyewe, kabla na baada, ndipo upime hizo tofauti."

Aliitwa Lameck, afisa takwimu wa huko Rubwera. Namba za simu wakapeana kwa ajili ya masomo, eti.

Jioni Kokuhirwa akampigia, sauti inaruka. "Kaka mpekuzi! Nimepima upya ulivyosema, uwezekano wa bahati umetoka sifuri nukta sifuri moja! Kwa hiyo nina uhakika wa asilimia tisini na tisa kwamba ni chumvi?"

"Taratibu, muuguzi. Maana yake, kama pasingekuwa na mabadiliko yoyote, tofauti kubwa namna hii ingetokea kwa nadra sana. Haisemi sababu ni chumvi, wala haisemi presha imeshuka kiasi gani. Hilo kaangalie kwenye vipimo vyenyewe."

"Wewe huwa unampongeza mtu lini?"

"Si nimekupongeza hapo?"

Alicheka mpaka Restuta, muuguzi aliyepanga naye nyumba, akaja kuchungulia. Mapenzi yakaingia kwa mlango huohuo. Jumamosi Lameck alikuja na bodaboda, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Kila Jumatano alipiga simu, na kila Jumapili akapiga tena kutoka kwa mama yake, Ihanda. Maneno yake hayakujaza kiganja: "Umekula, Koku wangu? Haya. Nakupenda. Lala salama."

Shida ilikuwa Egbert, mchumba wa Restuta. Huyo alipiga asubuhi, mchana na usiku, simu ikawekwa sauti ya juu, nyumba nzima ikaoga maneno: malaika wangu, asali wangu, pumzi yangu. Kokuhirwa akisikia upande huu malaika na upande wake "umekula", moyo ulimchoma.

"Egbert amempigia Restuta mara nne leo," alimwambia Lameck siku moja. "Wewe mara ya mwisho ulinipigia lini?"

"Jumatano."

"Unaona? Ungekuwa unanipenda ungefanya kama wenzako."

"Koku, mimi si mtu wa simu."

"Basi tafuta mwanamke asiyetaka kupigiwa!"

Akakata. Alitaka abembelezwe, jamani, hilo tu. Lakini Lameck hakujua kubembeleza, na Kokuhirwa hakujua kurudi nyuma. Jumatano ikapita kimya, na zilizofuata zikapita vilevile.

Mwaka ulizunguka. Kokuhirwa alikuwa amehitimu, tena wamemsifia kipimo alichochagua, siku alipomhudumia mama mmoja wa Ihanda aliyeumwa mguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama akasoma jina lililobandikwa kifuani pake. "Wewe ndiye Koku? Mimi ni Costansia, mama yake Lameck."

Kokuhirwa akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuzungusha bandeji.

"Mwanangu alizaliwa mkimya," mama akaendelea, bila lawama. "Alisoma miaka yote Mwanza hakunipigia hata mimi, alituma salamu kwa watu. Nyumbani kwetu simu haishiki mpaka upande kilima cha nyuma ya mibuni. Wakati wako, kila Jumapili alipanda, hata mvua inyeshe. Nikawa nasema, huyu msichana kanibadilishia mtoto."

Kokuhirwa alimaliza kufunga mguu macho yamejaa. Elimu ileile aliyopewa bure pale kaunta, aliitumia kwa presha za watu, akaisahau kwa mtu wake. Alimpima Lameck kwa Egbert.

Jumapili alimpigia, hakupatikana. Muda kidogo simu ikaita.

"Koku. Nimeona ujumbe kuwa umenitafuta."

"Nilikosea kipimo, Lameck. Nilikulinganisha na Egbert. Ningekulinganisha na wewe mwenyewe, kabla yangu."

Lameck akajibu kwa upole: "Na mimi ningekwambia. Sikukwambia." Akavuta pumzi. "Wazee wameshakaa kwa kina Adela, kule Kyerwa, kuniposea binti yao. Kahawa imeshatafunwa."

Kahawa ya wazee ikishatafunwa haitemwi, posa ndiyo imefungwa; Kokuhirwa alilijua hilo. Alitaka kusema hongera. Ndipo akasikia mvua kwenye simu, nyingi, na hakuna bati linaloizuia.

"Uko wapi?"

"Kwa mama."

"Ingia ndani, utalowa."

"Nikiingia, utakatika."

Kokuhirwa alifumba macho, akamwona kilimani na shati lake jeupe limemgandia mwilini.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Haya. Nakupenda. Nenda kale."

Akakata yeye, ili mwenzake ashuke.