Sidra ya Telvina

Mwaka ule matufaha yalizaa mpaka matawi yakainama. Kila asubuhi Telvina alitoka na kikapu. Aliyakuta mengine yamelala kwenye majani yenye umande. Aliyaokota taratibu, mgongo ukimuuma, huku akimkumbuka marehemu mumewe, Sabino.

Enzi za Sabino, msimu wa matufaha ulikuwa sherehe. Majirani walikuja kuponda na kukamua. Telvina aliwaokea mkate wa mahindi wenye soseji ndani. Lakini kazi ya pipa ilikuwa ya Sabino. Yeye ndiye aliyejua kutengeneza sidra, ile pombe ya matufaha. Telvina hakuwahi kumuuliza hufanyaje. Alidhani watakuwa pamoja siku zote.

Mwaka uliopita alijaribu peke yake. Chupa zilipasuka ghalani, vipande vya kioo vikaruka hadi darini. Sidra iliyobaki kwenye pipa ikawa siki tupu.

Mwanawe Nel alikuja kutoka mjini akatazama bustani.

"Mama, tuikate miti hii. Tupande mikaratusi."

"Baba yako aliipanda kabla hujazaliwa."

"Najua. Lakini baba hayupo, na matufaha yanaoza. Hata nguruwe wamekinai."

Telvina akaokota tufaha moja, akalifuta umande. "Niachie mwaka huu mmoja," alisema. "Sidra ikiharibika tena, fanya utakavyo."

Mchana huohuo alikwenda kwa jirani yake, Olvido, aliyekuwa akitengeneza sidra tangu usichana wake.

"Mwaka mzima unanikwepa," Olvido alisema, "leo ndiyo umeikumbuka njia ya kwangu?"

"Nilikuwa naona haya, shoga. Siki yangu ilinuka mpaka kanisani."

"Tuliisikia! Padri alidhani ni divai yake."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Olvido akavaa buti zake.

Ghalani, Olvido alitia mkono kwenye kikapu. "Hili limeoza. Na hili. Mwaka jana uliyaponda ya namna hii?"

"Niliona uchungu kuyatupa."

"Basi uliiharibu sidra kabla hujaanza. Lililogongwa kidogo si neno. Lililooza, mpe nguruwe. Mengine yaoshe udongo wote. Haya, pipa liko wapi? Nusa."

Telvina akanusa, akakunja uso. "Siki."

"Hilo sasa ni la siki. Ukitia juisi mpya humo, nayo itageuka. Nitakuazima la kwangu."

Walilisugua pipa la Olvido kwa maji yaliyochemka. Walichanganya matufaha matamu, machachu na yenye uchungu. Wakayaponda, wakayakamua, wakalijaza pipa mpaka juu. Baada ya siku chache povu lilianza kutoka kwenye tundu la juu ya pipa.

"Nilifunge?" Telvina aliuliza.

"Thubutu! Juisi ikichacha hutoa gesi. Ukiitia kwenye chupa mapema, gesi hukosa pa kutokea."

"Ndipo chupa hupasuka!"

"Ndipo. Acha ichache pipani. Povu likipungua, ongeza juisi, pipa lisibaki nusu. Nafasi tupu ndiyo inayoleta siki. Ikitulia kabisa, ndipo ulifunge. Na mlango wa ghala uwe wazi, maana gesi hiyo ikijaa ndani humzimisha mtu."

Telvina akatega sikio kwenye pipa. Lilikuwa likinong'ona. Harufu ikampanda puani, tamu na kali kidogo. Machozi yakamtoka.

"Una nini, mwenzangu?"

"Harufu hii ilikuwa kwenye mashati yake. Nami nilikuwa nikimgombeza nikiyafua."

Olvido alimshika mkono, wakakaa hivyo wakilisikiliza pipa.

Baridi ikaja, ikapita. Telvina hakuwa na haraka. Pipa liliponyamaza, alilifunga. Majira ya kuchipua, sidra ilipokuwa imetulia kabisa, alimwita Olvido, wakaitia kwenye chupa nzito.

Sikukuu ya Pasaka Nel akaja. Aliinua chupa juu ya kichwa, akamimina kwenye bilauri aliyoishika chini karibu na goti, kama alivyofunzwa na baba yake. Sidra ikatoa povu. Akainywa kwa mkupuo mmoja.

"Ya baba ilikuwa kali zaidi," alisema.

Moyo wa Telvina ukashuka.

"Lakini hii nzuri, mama. Nzuri kweli. Umeifanyaje?"

"Njoo msimu ujao uone. Sitaki ukae bila kujua, kama mimi."

"Nitakuja," Nel alisema. Baadaye alitoka na msumeno mdogo, akaenda kupogoa matawi yaliyokauka, ili miti izae vizuri.

Majira ya joto hakuna chupa hata moja iliyopasuka. Jioni moja majirani walijaa bustanini, wakitaka mwenye sidra amimine mwenyewe. Telvina hakuwahi kumimina kwa namna ile maishani mwake. Alinyoosha mkono juu kabisa, akafumba jicho moja, akamimina. Nusu iliingia kwenye bilauri. Nusu ilimwagikia viatu vya Olvido.

"Viatu vyangu vimelewa!" Olvido alipiga kelele. "Haya, sasa na mimi!"

Telvina akacheka mpaka akalazimika kuegemea mti. Kisha akaifuta mikono yake, akainua chupa tena.