Nani Alikuwa Ameshika Usukani

"Nani alikuwa ameshika usukani?"

Sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya chombo kwa pamoja: jikoni, kwenye mitambo, hadi korido ya vyumba vya kulala. Haikuwa na ukali. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyejifunza lugha asubuhi ile ile na anaogopa kukosea.

Watu wanne wa chombo kile cha anga cha kubeba mizigo walisimama mbele ya dirisha kubwa, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nje, nyota za upande mzima zilikuwa zimezibwa. Kilichoziziba kilikuwa hai. Kilipanda na kushuka taratibu kama shuka kwenye kamba, na ukubwa wake ulishinda mji. Injini zilikuwa zinanguruma kwa nguvu zote na chombo hakisogei.

"Zima injini," Nahodha alisema. "Tunajichosha bure."

Alikuwa mzee wa mvi, mtu aliyezoea kusema maneno machache. Akasogelea kipaza sauti.

"Mgeni wetu," alisema, maana hakujua amwite nani, "sisi ni wapita njia. Tumekukosea nini?"

"Mwenzangu alikuwa amelala kwenye njia yenu. Mmemgonga, akafa. Amegandia kwenye pua ya chombo chenu. Namwona kutoka hapa."

"Mwenzako ni nani? Ndugu yako?" aliuliza fundi wa mitambo. Alikuwa dada mwenye mikono ya grisi, na wote walimwita Spana kwa sababu spana haikuwahi kukosekana mfukoni mwake.

"Niliyekuwa naye. Tangu nyota ile iliyo nyuma yenu haijawaka."

"Pole," Spana alisema kabla hajafikiri.

"Pole ni nini?"

"Ni neno tunalomwambia mtu aliyefiwa."

"Linamrudisha aliyekwenda?"

"Halimrudishi. Tunalisema hivyo hivyo."

"Nimelipokea," Mgeni alisema. "Sasa nijibuni. Ningeweza kuwafinya wote, lakini simtaki asiye na kosa. Namtaka mmoja. Nani alikuwa ameshika usukani?"

Jibu walikuwa nalo wote. Zamu iliyopita, watu wakiwa wamelala, chombo kilitikisika mara moja kama kimejikwaa. Rubani aliwaambia asubuhi kwamba ni vumbi na vijiwe tu, wasiwe na wasiwasi. Zamu ile ilikuwa yake.

Na Rubani ndiye aliyekuwa mchumba wa Spana. Kurudi tu nyumbani, harusi. Mama yake Spana alishaalika ukoo mzima, hata wale waliokuwa hawasemeshani.

Saa ile ile ya zamu, Spana alikuwa chini anagongagonga bomba lililokuwa linavuja. Alimwonea huruma mtu wake, akamwandikia kwenye simu:

"Umechoka? Nikuletee chai?"

Akajibiwa hapo hapo:

"Usijisumbue mpenzi. Niko usukanini, nakuwaza wewe tu."

Sasa alimtazama. Jasho lilikuwa linamshuka Rubani shingoni na mikono imeshika mshono wa suruali. Alisinzia, Spana akawaza. Masikini, alisinzia. Nani hajawahi kusinzia kazini?

"Ni mimi," Spana alisema.

Nahodha aligeuka. "Mwanangu, nyamaza."

"Ni mimi, Mzee. Nilimpokea, alikuwa amechoka. Usukani nilikuwa nimeshika mimi."

Rubani alifungua mdomo. Kila mtu alimwona anaufungua. Kisha akaufunga, akatazama viatu vyake.

Nje, Mgeni alitulia kabisa.

"Unasema uongo," alisema, "na uongo wako siuelewi. Nimewasikiliza watu wenu kwenye mawimbi ya redio. Hudanganya ili wapone. Wewe unadanganya ili ufe."

"Kwani wewe usingefanya hivyo kwa ajili ya mwenzako?"

Lile shuka kubwa lilitetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho, na chombo kikatetemeka nalo.

"Ningefanya," Mgeni alisema. "Ndiyo maana nitakuambia. Ninyi mna kitu kifuani kinachogonga. Wakati ule nilivisikia vyote. Chako kilikuwa chini kabisa, na karibu yake chuma kinapigwa. Cha mzee kilikuwa kinakwenda polepole, kimelala. Viwili vilikuwa pamoja, chumba kimoja, vinakwenda mbio. Kwenye usukani hapakuwa na kitu."

Spana alisikia maneno, maana ikachelewa. Wao walikuwa wanne. Yeye chini. Mzee amelala.

"Alikuwa kwangu," alisema Nesi, yule wa nne, aliyetibu wagonjwa wa chombo.

Nesi hakuwa mtu baki. Alikuwa binti wa shangazi yake Spana, wamelelewa nyumba moja, wamelala kitanda kimoja miguu na kichwa mpaka wakaota matiti. Kazi ile Spana ndiye aliyemtafutia.

"Nilijua lazima itajulikana, dada," Nesi aliendelea, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Sikujua kama itajulikana hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoondoka bandarini."

Spana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza injini na kuijua hitilafu.

"Nilimwandikia nimpelekee chai. Akasema yuko usukanini, ananiwaza. Aliandikia wapi hayo?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Kitandani kwangu. Nilimwona anaandika. Nikageukia ukutani."

Nahodha aliweka mkono mzito begani kwa Rubani. "Kijana, sema neno. Mwanamke huyu ametaka kufa badala yako, na wewe uko kimya."

"Naogopa, Mzee," Rubani alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, na halikuwa la uongo.

Mgeni akasema tena. Safari hii aliongea na Spana peke yake, kama wengine hawapo.

"Kwetu, aliyefiwa ndiye anayeamua. Hapa naona tumefiwa wawili, na mkono uliotufanyia ni mmoja. Sema. Nimfanye nini?"

Spana alikaa kwenye kiti cha rubani. Sema. Neno moja lingetosha. Hakuna polisi, hakuna hakimu, na nyumbani wangeambiwa ni ajali. Alimtazama mwanaume ambaye alishamchagulia hata rangi ya shati la harusi, na kwa kitambo aliona jinsi ingekuwa rahisi.

"Mwache," alisema.

"Bado unampenda?"

"Sijui. Leo usiniulize hilo. Lakini ana mama, na ni mtoto wake wa pekee. Ukimchukua, wako harudi, wangu harudi, na mama yule ataingia naye kwenye msiba. Tutakuwa watatu. Wawili tunatosha."

Mafuta yaliyokuwa yanachemka jikoni yalianza kunuka kuungua, hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Basi nipeni mwenzangu," Mgeni alisema. "Mkono wangu ni mkubwa. Nikimwondoa mimi, nitawavunja."

"Nitakwenda," Spana alisema akiinuka. "Na huyu atakuja na mimi. Aone alichokifanya."

Walitoka kwa mlango wa nje, wamevaa mavazi ya anga, wamefungwa kamba moja kiunoni, mmoja kila upande. Kwenye pua ya chombo kulikuwa na utando wa rangi ya fedha, mwororo, umejikunja kwenye bati kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Spana alipiga magoti. Walianza kuubandua taratibu kwa mikono, maana alikataa kutumia chuma.

Sauti ya Rubani ikaja ndani ya kofia yake.

"Mpenzi."

"Shika upande ule, usiuvute."

"Nilipotewa na akili. Haikuwa mapenzi. Ni upweke tu, safari ndefu..."

"Mimi nilikuwa ngazi moja chini yako. Upweke gani huo?"

Wakabandua tena. Mbele yao Mgeni alikuwa amejaza mbingu yote, hasogei, anatazama.

"Nipige, nitukane," Rubani alisema. "Lakini usiniache. Watu hukoseana, wakasameheana."

"Ni kweli. Na hilo la binamu yangu ningelia, ningekutukana, labda mwakani ningekusamehe. Najijua, mimi ni mjinga wako." Alisita, akavuta pumzi. "Lakini niliposema ni mimi, ulifungua mdomo. Nilikuona. Nikajua sasa atasema. Ukaufunga. Ulikuwa tayari kuniona nakufa ili usiulizwe ulikuwa wapi."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa."

Rubani alianza kulia ndani ya kofia, na kofia haina namna ya kufuta machozi. Spana alimwacha alie. Utando ulipoachia wote, waliubeba wawili, Spana upande wa mbele na Rubani upande wa nyuma, na ulikuwa mwepesi kuliko walivyotarajia. Walipoufikisha ukingoni wakaufungua. Ukaelea. Mgeni aliupokea kwa ncha ya mwili wake, taratibu sana, akaukunjia ndani.

"Wangu amekufa, wako yu hai," Mgeni alisema kwenye sikio la Spana. "Kilio cha nani ni kizito?"

"Chako. Mimi nimepata hata nafasi ya kumgombeza."

"Wangu sikuwa na la kumgombeza."

"Basi ulibahatika."

Nyota zikaanza kurudi, moja moja, kisha zote. Hawakumwona tena.

Jioni Nahodha alishika usukani mwenyewe na hakumruhusu Rubani kuukaribia. Spana alihamisha nguo zake chumba cha mitambo. Nesi alimfuata mpaka mlangoni, ameshika kikombe.

"Dada, nimekuletea chai."

"Weka hapo."

Nesi akakiweka sakafuni. "Utanisemesha tena?"

"Wewe ulisema ukweli yeye akiwa kimya. Hilo nimeliona." Spana hakuinua kichwa. "Lakini sasa nenda. Sitaki kukuona mpaka mimi mwenyewe nikuite."

Nesi aliondoka. Spana alichukua simu, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mama, shikamoo. Waambie wageni wasije. Harusi haipo."

Nyumbani kulikuwa mbali, na majibu yalichelewa njiani. Chai ilikuwa imeshapoa simu ilipolia.

"Marahaba mwanangu. Wewe mzima?"

"Mzima, mama."

"Na yeye?"

Spana alishika simu kwa mikono miwili. Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Alipomaliza akajifuta kwa kiwiko cha ovaroli, akajibu.

"Naye mzima."

Jibu la mama lilikuwa fupi.

"Basi hujazika mtu. Rudi nyumbani."