Mashati ya Bundi Yasiyofuliwa

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Tabia alikwenda barazani kumsaidia baba yake kushona vifungo. Baba yake, Mzee Mwinjuma, alikuwa fundi cherehani wa Bagamoyo. Mafundi wenzake walikuwa wamejiunga na karakana ya ushirika, wakishona kaptula zenye mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, huku meneja wao akipita kwa gari. Mwinjuma alikataa. Alishona mashati yake mwenyewe, na kwenye mfuko wa kila shati Tabia alitarizi bundi mwenye macho mekundu, ili watu wajue limetoka kwao. Ndani ya mfuko walishonea kipande cha turubai usilegee.

Karibu na pwani palikuwa na ghala la korosho. Wakubwa walikuja kulizindua, wakakata utepe, wakala pilau, wakaenda zao. Halikuingia hata gunia moja. Kitu pekee cha maana pale kilikuwa mteremko wa saruji wa kupandishia mizigo, nao watoto wakaupatia kazi. Walifunga beringi za lori bovu chini ya mbao, wakasimama juu, wakateremka kwa makelele. Mbao hizo waliziita vigari.

Siku moja Dadi, bingwa wa kujisifu, aliteremka kutwa nzima bila kuanguka. Alikuwa amevaa shati la bundi. Akaja barazani na wenzake, akaubonyeza mfuko.

"Tabia, humu mna nini? Mbona pagumu?"

Tabia angesema ni turubai. Lakini mashati yalikuwa yananing'inia tu kwenye kamba bila mnunuzi, na baba yake alikuwa msikitini.

"Mna kitu," alinong'ona. "Kuna babu kijijini Fukayosi kakisomea, mvaaji asianguke. Ila msilifue! Likiguswa na maji, bundi anaruka."

Mashati yakaisha. Hata katibu wa tawi la chama, ambaye kila mkutano aliwafokea watu waache ushirikina, alikuja akitazama huku na huku.

"Binti, niwekee moja. Nina mkutano mkubwa. Usimtangazie mtu."

Watoto waliyavaa ndani ya sare bila kuyafua, na darasani kukaanza kunuka. Mwalimu mkuu, kwa akili zake nyingi, aliamuru wanafunzi wapande darini kutafuta panya aliyekufa.

Kisha Chausiku akaanguka, naye kavaa shati la bundi. Alikuwa rafiki wa Tabia, msichana pekee aliyethubutu kusimama juu ya kigari. Kiwiko kilichunika, na mkono wa shati ukagandamana na kidonda.

"Vua tuoshe," Tabia alimsihi.

"Nivue? Bila hili ningevunjika shingo! Na Ijumaa tunashindana na watoto wa Zinga! Si wewe uliyesema lisiguswe na maji?"

Tabia akarudi kwenye vifungo vyake. Siku chache baadaye kiwiko kilivimba kama embe, Chausiku akashikwa na homa, mama yake akamkokota mpaka zahanati. Ukutani palikuwa na bango kubwa la kusifu afya. Kabatini mlikuwa na chumvi na mende. Mganga wa zahanati alikuwa kwenye semina, kama kawaida yake. Muuguzi, Bi Mwanamvua, alikuwa peke yake, na kila aliposogeza maji ya moto Chausiku alijikunyata na kupiga kelele.

"Mwanangu, usaha huu ukiingia kwenye damu, mkono utakatwa," alisema Bi Mwanamvua.

Dadi na wenzake walikuwa wamejazana dirishani, Tabia kati yao. Tabia alisikia neno lile, akatimka mbio hadi barazani, akarudi na mkasi. Mbele ya wote akaufumua mfuko wa shati la Chausiku pamoja na bundi wake, akachomoa kile kipande.

"Tazameni. Turubai! Hakuna babu, hakuna kisomo. Nilidanganya ili mashati yanunuliwe. Chausiku, nisamehe. Acha uoshwe."

"Muongo mkubwa we!" Dadi aliropoka. "Yaani nimenuka mwezi mzima bure?"

Chausiku alilia, kisha akaunyoosha mkono. Bi Mwanamvua akaulowesha mkono wa shati kwa maji ya chumvi hadi ukabanduka.

Mkono haukukatwa. Mzee Mwinjuma alipopata habari hakumpiga binti yake. Alimwamuru ayakusanye mashati yote, aifumue mifuko kila mtu aone kilichomo, kisha ayafue. Tabia alikuwa ameinama kwenye beseni, Chausiku akimmwagia maji kwa mkono wake mzima, katibu alipofika na shati lake ndani ya gazeti.

"Fundi, langu msilifumue. Wala msilifue."

"Ndugu Katibu, ndani mna turubai tu."

"Nimesikia. Liacheni vilevile."

Mwinjuma alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akalipokea shati, akampa Tabia.

"Ukitaka lako, Ndugu, utalifuata likikauka."

Katibu akaondoka akinung'unika. Mwinjuma akamgeukia binti yake.

"Umemwona? Mtu mzima kaambiwa ukweli, bado anaulilia uongo. Watu kama hao ndio tuliopewa watuongoze. Ukiwangoja wao waache, utazeeka. Wewe ulikosa, ukasema mbele ya wenzio, na mwenzio kapona. Basi ukiuza kitu, sema kilichomo. Na ukiumia, osha kidonda, vaa nguo safi."

Tabia akalizamisha shati la katibu ndani ya beseni. Maji yakageuka meusi tii.