Makofi ya Nzilo

Ban ilikuwa imekwisha, na bado kulikuwa na mtu anayepiga makofi.

Ban, kwa asiyeijua, ni makofi ya kupangwa. Mkubwa anainua mkono, anataja jina, watu wanapiga tatu, tatu, na tatu, kisha kimya. Cercle, yaani chama cha waandishi wa Kolwezi, ilijivunia ban zake kuliko mashairi yake, na ilikuwa na haki, maana mashairi mengine yalikuwa adhabu kwa msikilizaji. Wikendi ile walikuwa wanane, kwenye baraza ya nyumba ya kupanga ufukweni mwa ziwa Nzilo. Papy, mchimbaji wa kobalti mwenye sauti nene, alikuwa amemaliza kusoma. Wakapiga tisa. Halafu likaja la kumi, peke yake, zito, kama nguo iliyolowa ikipigwa juu ya jiwe.

"Nani hajue kuhesabu?" aliuliza Tata Barnabé, rais wao, mwalimu mstaafu. Watu wakacheka, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Ndaya hakucheka. Alikaa kiti cha mwisho, upande wa maji, na lile kofi lilitoka nyuma ya mgongo wake.

Kwa miaka sita Ndaya alikuwa amewapigia chapa maandishi yao yote, bila malipo, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama yeye naye anaandika. Aliandika. Tangu mama yake azikwe Kasaji, hakuwa na mtu wa kumsalimia Jumapili, basi aliandika kurasa nne juu ya mama huyo na baiskeli yake ya kubebea mihogo. Leo, hatimaye, zamu ilikuwa yake, ya mwisho kabla ya chakula.

Alikuwa ukurasa wa pili Mama Jocelyne, mlinzi wa nyumba, alipotokea na samaki. "Endelea tu, Mama Ndaya, tuko nasikia," alisema Tata Barnabé, huku akiinuka. Wengine wakamfuata ndani mmoja mmoja, kwa heshima, kwa vidole vya miguu. Bukari, ugali wa huko, ikipoa haina rafiki. Ndaya alisoma kurasa zilizobaki mbele ya viti saba vitupu, na alipomaliza hakuna aliyeinua mkono.

Ndipo makofi yakaanza majini. Tatu, tatu, na tatu, ya mikono iliyolowa, na jua bado likiwa juu na ziwa likiwa tupu, bila mtumbwi, bila hata ndege, ila harufu ya tope la chini kabisa iliyopanda ngazi polepole ikaingia barazani, ikapita viti vyote saba, ikafika kwake, ikasimama hapo karibu sana, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Ndani, sahani ilianguka. Mama Jocelyne alitoka mbio akamshika Ndaya mikono yote miwili.

"Usimurudishie!" alinong'ona, akiyatazama maji. "Njo nani aliwaambia kupiga makofi ku mayi? Huku, makofi njo salamu ya chef, ya mukubwa. Mukipiga, mwenye mayi anajua bamemuita."

"Mwenye mayi njo nani?" Papy, aliyekuwa ametoka na wenzake, aliuliza kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida.

"Mamba muntu, jini ya ziwa. Si amesikia bantu wanaita, sasa amechagua wake." Akamgeukia Ndaya. "Atakupigia mara tatu ingine, kila fasi kuko mayi. Ukinyamaza zote tatu, atachoka. Ukimupigia hata mara moja, njo umekubali kuenda naye."

Alinyunyiza udongo mweupe wa kinga ngazini, akamfunga Ndaya kiganja cha kulia kwa kipande cha kitenge ili mkono usijisahau ukapiga. Jioni haijafika, wote walikuwa barabarani kurudi Kolwezi. Ndani ya basi hakuna aliyekaa karibu na Ndaya.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne, kazini, kwenye ndoo ya kupigia deki. Alinyamaza. Mara ya pili, Ijumaa, kwenye sufuria ya chai, alinyamaza pia, lakini alikaa muda mrefu akiitazama ile sufuria. Wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyemjulia hali.

Jumapili saa kumi alimpigia simu Tata Barnabé.

"Tata, naomba unisikilize tu. Kurasa nne. Ni mara moja imebakia, na minaogopa kuwa peke yangu."

"Mama Ndaya, pole sana. Leo niko mugonjwa kidogo. Siku ingine, sawa?"

Nyuma ya sauti yake mtu alisema, "Ban kwa Papy!" Na Ndaya akayasikia makofi yote tisa, safi, ya mikono mingi, kabla simu haijakatwa.

Hakulia mara moja. Alizichukua kurasa zake, akavuta kigoda hadi kwenye pipa la maji la jikoni, akasoma. Alisoma baiskeli, mihogo, matope ya Kasaji, na namna mama alivyokuwa akimngoja mlangoni na taa hata mchana, na mahali sauti ilipokatika maji yalitulia yakamngoja mpaka akaweza kuendelea, na ile harufu ya tope ikajaa chumba, na safari hii aliona ni afadhali kuliko harufu ya chumba kitupu.

Alipomaliza, kifuniko cha pipa kilitikisika. Tatu, tatu, na tatu.

Sasa alilia. Alifungua kile kitenge kwa meno, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kurasa zake. Kisha akainua mikono, akapiga tatu, tatu, na tatu, bila kukosea hata moja.